Tupeane uzoefu: siku uliyoharibu kigari chako na ilibaki hatua moja tu

Kidole_Gumba
Wakuu habari zenu. Nimekaa hapa naangalia kigari changu cha plastiki cha kujenga mwenyewe, cha 1/24 (yaani kidogo mara 24 kuliko gari la kweli), na machozi hayako mbali. Miezi miwili ya kazi. Bodi nimeipiga msasa mpaka namba 2000, klia, ile rangi angavu ya juu, imetulia kama maji ya mtungini, mishale ya dashibodi nimeichora kwa ncha ya kijiti cha meno, mikanda ya siti nimekata kwenye utepe na bizimu zake nimepinda kwa waya. Jana usiku kilibaki kioo cha mbele tu. Gundi nyeupe naangalia imeganda kwenye chupa, nikasema aah, tone moja la supagluu litafanya nini, nikagusisha kwenye kona, nikafunika bodi juu ya chesisi nikaenda zangu kulala. Asubuhi kioo chote kina ukungu mweupe kama cha bafuni mtu akitoka kuoga maji moto, na ukungu wenyewe upo kwa ndani. Kibaya zaidi alama ya kidole changu imejitokeza katikati, michirizi yote unaihesabu.

Nani mwingine yamemkuta? Mwagikeni hapa ili nijue siko peke yangu.

Mama Kibano
Pole kaka. Hiyo alama ya kidole sio bahati mbaya, mvuke wa supagluu unapenda kushika kwenye mafuta ya ngozi, polisi wanautumia kutafuta alama za vidole. Kwa hiyo umejikamata mwenyewe 😂

Kidole_Gumba
Daah. Nacheka kwa uchungu dada.

Rimu Tupu
Mimi sitasahau matairi. Kipindi hicho naanza nilimaliza gari la kwanza ambalo nilijivunia kweli, nikaliweka kabatini, nikawa napita naliangalia tu kwa nje. Miaka kama minne baadaye naliinua kufuta vumbi, gari likainuka matairi yakabaki. Rimu zimeyeyuka. Sio kuvunjika, zimeyeyuka, zimelainika zikashikana na tairi kama bigijii iliyokaa juani. Nilidhani ni joto, kumbe zile tairi laini za vinili zina mafuta yanayotoka polepole yanakula plastiki ya rimu. Yaani gari lilikuwa linajila lenyewe miaka yote hiyo mimi nampa kila mgeni sifa zake. Siku hizi nazungushia rimu foili nyembamba ndio navalisha tairi.

Msasa Mkavu
Hii ya tairi imenikuta pia. Kweli tupu.

Puti na Machozi
Ngoja nitoe yangu maana nimekaa nayo muda mrefu.

Nilikuwa na gari la 1/25, lile boksi la kizamani lenye vipande vya kujengea namna tatu, kawaida, la mashindano au la kujipamba. Nikasema mimi naenda mbali zaidi, nashusha paa. Nimeona picha za magari ya kweli yaliyoshushwa paa nikaona mbona rahisi, unakata nguzo za madirisha, unatoa milimita tatu, unarudisha. Nikabandika tepu nyembamba kuweka alama, nikachukua msumeno wa wembe, nikakata nguzo zote bila kupumua. Paa likatoka safi. Nikaliweka chini ili nione uzuri wake.

Ndugu zangu, nguzo za mbele zimelala, na za nyuma zimelala upande wake. Ukishusha paa zile nguzo hazikutani! Za mbele nikizilinganisha, za nyuma zinaachana milimita kama mbili. Nikilinganisha nyuma, mbele inaning'inia. Hapo fundi mwenye akili analikata paa lenyewe katikati, anaweka kipande cha plastiki kurefusha. Mimi nikaanza kuzipinda nguzo kwa maji moto. Moja ikakubali. Ya pili ikakubali sana, ikawa kama tambi. Ya tatu ikakatika. Nikajaza puti, puti ikapasuka kwa sababu nilijaza mkono mmoja mnene badala ya kidogo kidogo, nikapiga msasa nikavunja na ile iliyokuwa imekubali. Nikaendelea hivyo wiki tatu, kila jioni narekebisha kimoja navunja kingine. Mwisho paa la kushoto lipo chini kuliko kulia, gari linakuangalia kama mtu aliyelalia sikio.

Na nilipodhani yamekwisha nikakumbuka vioo. Vioo vya kwenye boksi ni vya paa la zamani.

Mama Kibano
"Ikakubali sana" 😂😂😂 nimecheka mpaka nimedondosha kioo cha pembeni nilichokuwa nimekishika, sasa nipo chini na tochi.

Mzee wa Praima
Kijana, kabla ya kukata unachukua bodi mbovu unajifunzia. Na vioo unakata kwenye plastiki angavu ya vifungashio, ile bapa. Lakini niseme ukweli wangu, afadhali huyu aliyeharibu akijenga. Siku hizi naona watu wanatoa vipande kwenye fremu, wanabandika kama karatasi ilivyosema, wanapiga picha, wanajiita wajenzi. Hiyo sio kujenga, hiyo ni kuunganisha.

Rimu Tupu
Mzee shikamoo, ila hapo hapana. Kuunganisha vizuri nako ni kazi. Mtu aondoe mistari yote iliyoachwa na moldi ya kiwandani, azibe vile vishimo vya duara vilivyoachwa na pini za moldi, mlango ukae sawa na bodi bila mwanya, unajua wangapi wanaweza?

Mzee wa Praima
Marahaba. Wangapi wanafanya hivyo lakini? Naona mistari ya moldi imepita juu ya fenda mpaka kwenye boneti imepakwa rangi juu yake kama mshono wa suruali.

V8 Ndani ya Kila Kitu
Mzee ananiongelea mimi kabisa 😅 nilitoa injini ya 1/25 nikaiweka kwenye bodi ya 1/24, akaniambia ni dhambi.

Mzee wa Praima
Ni dhambi.

V8 Ndani ya Kila Kitu
Piga hesabu basi. Injini ya urefu wa sentimita 60 kwenye 1/24 ni milimita 25, kwenye 1/25 ni 24. Milimita moja mzee! Nani ataiona chini ya chujio la hewa na nyaya za plagi? Tofauti inauma kwenye bodi, gari la mita nne na nusu ni milimita 187.5 kwa huku na 180 kwa kule, hapo ukichanganya chesisi matairi hayakai katikati ya fenda. Injini weka tu.

Mzee wa Praima
Mimi nitaiona.

Bodi Nyekundu
Nyie endeleeni kupimana. Mimi nilipiga rangi nyeupe juu ya plastiki nyekundu, baada ya siku mbili gari likawa pinki. Nikaongeza nyeupe. Likawa pinki tena. Mara ya nne nikaandika "pinki" kwenye boksi nikamaliza.

Msasa Mkavu
😂 ungepiga silva kwanza, inazuia.

Bodi Nyekundu
Nimelizoea sasa.

Kopo Moja
Habari wote. Mimi huwa nasoma tu sichangii ila leo imebidi. Nilikuwa najenga kigari chekundu, rangi ya kopo, sina eabrashi, kile kibomba cha kupulizia rangi kwa upepo. Nikasoma mahali kwamba ukipasha kopo la spreya rangi inatoka laini, haifanyi vinundu kama maganda ya chungwa. Ni kweli. Ila walisema maji ya uvuguvugu, yale ya kumuogeshea mtoto, kopo linakaa humo dakika chache basi. Mimi nikawa na haraka. Nikaweka sufuria jikoni, maji, kopo ndani, nikawasha moto mdogo nikasema nahesabu dakika mbili. Simu ikaita.

Sijui nilikuwa nimefika dakika ya ngapi ya maongezi, nikasikia kitu kama mlango wa lori umebamizwa. Nikakimbia. Jikoni hakuna sufuria. Yaani jiko lipo, sufuria ipo chini imegeuka bakuli, kopo limeingia pembeni ya kabati limekwama, na kila kitu ni chekundu. Dari, ukuta mpaka saa ya ukutani inayosema saa kumi na robo, wekundu mtupu. Harufu ya tina huwezi kupumua, nikakumbuka moto umewaka, nikakata gesi huku nimejifunga shati puani, nikafungua kila dirisha nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi natetemeka. Kama simu isingeita ningekuwa nimeinama pale juu ya sufuria nahesabu.

Mke wangu alirudi akasimama mlangoni hajaingia, akauliza swali moja tu. "Ni damu ya nani?"

Mama Kibano
Yesu wangu.

Rimu Tupu
MKUU

V8 Ndani ya Kila Kitu
Mungu ni mkubwa aisee. Ulijibuje?

Puti na Machozi
Paa langu nimelisamehe kuanzia sasa hivi.

Kopo Moja
Nilimjibu "ni ya gari". Haikusaidia.

Mzee wa Praima
Hili sio la kucheka jamani. Kopo ndani lina gesi imebanwa, na ile gesi nyingi inashika moto. Umepona mara mbili kijana. Kopo halikai jikoni, halikai kwenye gari lililofungwa juani, halikai juu ya hita. Maji ya uvuguvugu kwenye ndoo, mbali na moto, na kabla ya kupiga unalitikisa dakika nzima. Na dari ulifanyaje?

Msasa Mkavu
Ndio, dari je?

Kidole_Gumba
Jamani na kioo changu? 😭 mimi ndio nilianza

Mama Kibano
Kaka kioo toa, piga msasa namba 3000 chenye maji taratibu, kisha dawa ya meno kwa kitambaa laini mpaka kirudi. Halafu chovya kwenye polishi angavu ya sakafu ile ya akriliki, kiache kikauke kimefunikwa na bakuli kisidakwe na vumbi. Kitang'aa kuliko mwanzo.

Msasa Mkavu
Usichovye. Pindo zinafanya matone. Sugua tu.

Mama Kibano
Unagusisha pindo kwenye tishu inanyonya tone. Nimefanya mara nyingi.

Rimu Tupu
Au sema gari limeegeshwa asubuhi kwenye baridi, ukungu ni sehemu ya kazi 😂

Enameli Bado Mbichi
Nimechelewa lakini na mimi nina kidonda. Rangi ya enameli, ile inayokauka polepole, imekauka siku nne kwa kugusa, nikapiga juu klia ya laka, ile yenye tina kali. Ndani ya dakika moja bodi imekunjana kama ngozi ya mgongo wa kobe, mbele ya macho yangu, najaribu kupuliza kama vile uji. Tina ya laka ni kali inaamsha enameli iliyo chini. Enameli juu ya laka sawa, laka juu ya enameli mbichi usijaribu.

Msasa Mkavu
Siku nne? Enameli unaipa mwezi.

V8 Ndani ya Kila Kitu
Mwezi wa nini, mimi naweka kwenye boksi lenye balbu siku mbili.

Mzee wa Praima
Nusa. Ukisogeza pua bado inanuka, haijakauka. Pua haijui kalenda.

Enameli Bado Mbichi
Pua yangu mafua mzee.

Mzee wa Praima
Basi muazime mtu.

Bodi Nyekundu
Mimi bampa za kroma zilidondoka zote mbili siku ya kupiga picha, hakuna aliyeniambia gundi ya plastiki haishiki juu ya kroma, unakwangua kwanza pale inaposhikia. Naona hapa hamna wa kunionea huruma wote mnaangalia dari.

Mama Kibano
Kioo cha pembeni nimekipata!! Kilikuwa kwenye soksi yangu.

Kidole_Gumba
Wakuu mrejesho. Nimejaribu kutoa kioo kama dada alivyosema. Supagluu ilikuwa imeshika kweli kweli, nikapitisha kisu kwenye kona, nikasukuma kidogo. Kioo kimetoka kizima, ukungu unaondoka, hapo dada asante sana. Ila kimetoka na nguzo ya mbele ya kushoto.

Puti na Machozi
Karibu. Sasa ukishafika hapo shusha paa tu.

Msasa Mkavu
@Kopo Moja bado tunasubiri habari za dari.

Kopo Moja
Nimepiga rangi nyeupe mikono mitatu. Ni pinki.