Ofa ya miaka mitatu kutoka klabu ya nje: nini kikaguliwe kabla ya kusaini, na mshahara ukikwama inakuwaje?

KiungoMkabaji

Wakuu habari za saa hizi. Naomba mwongozo kwa wanaojua kanuni.

Mchezaji ni winga, ana miaka 22, tayari ni wa kulipwa, na mkataba wake unaisha mwisho wa msimu huu, yaani imebaki miezi minne. Klabu ya daraja la pili Ulaya imetuma rasimu ya mkataba wa miaka mitatu. Mshahara umetajwa kwa mwezi bila kusema ni kabla ya kodi au baada. Kuna kipengele kinasema mkataba utakuwa na nguvu akifaulu vipimo vya afya na kupata kibali cha kazi. Kingine kinaipa klabu siku 60 za nyongeza kila mshahara unapochelewa. Na kuna mtu anajiita wakala, anataka atumiwe kwanza hela ya "kufungua faili FIFA".

Kipi cha kukataa, kipi cha kurekebisha, na je, mshahara usipoingia kabisa mchezaji anashika wapi?

---

Mshika_Kibendera

Tuanze na hela ya faili: hakuna kitu kama hicho. Uhamisho wa kimataifa unaingizwa na klabu kwenye TMS, mfumo wa FIFA wa kusajili uhamisho, mchezaji hana hata nywila ya kuingilia. Cheti cha uhamisho, ITC, kinaombwa na shirikisho la nchi anakokwenda na kutolewa na shirikisho la anakotoka, bure na bila masharti. Anayemdai mchezaji hela ya cheti hicho ni tapeli, hata kama kweli anafahamiana na klabu. Jina lake litafutwe kwenye orodha ya FIFA ya mawakala wenye leseni. Likiwepo, mkataba wa uwakilishi usizidi miaka miwili na usijirefushe wenyewe. Malipo yake yaandikwe kwa asilimia ya mshahara unaoingia kweli, sio ya thamani yote ya mkataba ikatwe siku ya kwanza. Ukomo wa asilimia ambao FIFA ilitaka kuuweka ulisimamishwa mwishoni mwa 2023 kwa sababu ya kesi mahakamani, kwa hiyo utalipa ulichosaini.

Sasa vile vipengele viwili. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji, kifungu cha 18, zinasema uhalali wa mkataba hauwezi kutegemea vipimo vya afya wala kibali cha kazi. Kifungu hichohicho hakitambui siku za nyongeza za kulipa, isipokuwa zimetokana na makubaliano ya pamoja kati ya waajiri na chama cha wachezaji wa nchi husika. Lakini asitulie kwa sababu tu kanuni iko upande wake. Klabu inayoandika siku 60 imeshakwambia inalipaje. Aombe vifutwe, na vipimo vifanyike *kabla* ya saini. Kadi ya njano hapo: ofa yenye masharti ambayo haijasainiwa na pande zote bado sio mkataba. Asiage kwao wala asiuze vitu kwa sababu ya barua pepe.

Kwa kuwa imebaki chini ya miezi sita, anaruhusiwa kusaini na klabu mpya sasa hivi. Klabu hiyo inatakiwa kuiarifu ya sasa kwa maandishi kabla ya mazungumzo. Asije akasaini mbili za kipindi kimoja, eti atachagua baadaye. Hapo anajiingiza kwenye fidia, na adhabu ya kufungiwa miezi minne ipo kwenye kanuni.

Kwenye mkataba wenyewe nataka kuona: tarehe ya kuanza na kuisha (wengine huandika Mei 31 badala ya Juni 30 wakaokoa mshahara wa mwezi), idadi ya mishahara kwa mwaka kwa sababu zipo klabu zinazolipa 10, sarafu, tarehe ya malipo, na bonasi inayoeleweka. "Bonasi ya mechi" maana yake nini? Anayeanza, anayeingia dakika ya 89, au hata aliyekaa benchi? Ugomvi mwingi wa bonasi unaanzia kwenye neno moja kama hilo. Ukiwa wa lugha mbili, uandikwe ni lugha ipi inatawala. Kila ukurasa uwe na saini fupi za pande zote, naye abaki na nakala yake siku hiyohiyo, sio "tutakutumia".

Na kataa mkataba wa pembeni, ule wa mshahara mdogo unaopelekwa ligi na mwingine mnono unaobaki kabatini kwa jina la haki za picha. Klabu ikigoma, huo wa kabatini ndio wa kwanza kukanwa.

---

Beki3

Kuna jambo linaloua dili za umri huu na mchezaji haambiwi: fidia ya mafunzo, yaani hela ambayo klabu mpya inailipa klabu iliyomfundisha mchezaji. Watu wanadhani mkataba ukiisha mchezaji anaondoka bure. Ada ya uhamisho haipo, kweli, ila fidia ya mafunzo inadaiwa kwenye uhamisho wa kimataifa hadi mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 23. Miaka ya mafunzo inayohesabiwa ni 12 hadi 21.

Hesabu inafuata daraja la klabu *mpya*. Kwa UEFA, daraja la kwanza ni euro 90,000 kwa mwaka, la pili 60,000, la tatu 30,000; akienda klabu ya daraja la nne fidia hii haidaiwi. Hilo ni daraja la FIFA kwenye TMS, lisichanganywe na daraja la ligi. Huyu tayari ni wa kulipwa, kwa hiyo anayedai ni klabu aliyoko tu, kwa misimu aliyokaa nayo ndani ya umri huo. Kama ilimchukua akiwa na miaka 20, ni misimu miwili. Klabu mpya ikiwa daraja la pili, ni euro 120,000 kwa mchezaji "wa bure". Mkurugenzi akiona namba hiyo wiki ya mwisho ya dirisha la usajili, simu hazipokelewi tena.

Dawa yake: sasa hivi, kabla ya klabu mpya kutumia hata shilingi, iulize klabu ya sasa kama itasamehe au itapunguza, na jibu liwe la maandishi. Njia inayotumika sana ni klabu ya sasa kusamehe fidia ikapewa asilimia ya mauzo yajayo. Mchezaji mwenyewe halipi fidia hii hata senti moja, na mtu asimwambie ikatwe kwenye mshahara wake.

Ile ya mshikamano ni kitu kingine: asilimia 5 ya ada anapouzwa akiwa bado ana mkataba. Klabu zilizomlea akiwa 12 hadi 15 zinapata asilimia 0.25 ya ada kwa kila mwaka, za 16 hadi 23 zinapata asilimia 0.5. Haimhusu leo.

---

KiungoMkabaji

Asante sana, hiyo ya fidia nilikuwa siijui kabisa. Upande wa mshahara kukwama je? Nasikia baada ya kesi ya Diarra mchezaji anaweza kuondoka tu na klabu haina la kufanya.

---

Kona_Fupi

Hapana mkuu, hiyo imepotoshwa mno. Lassana Diarra aligombana na Lokomotiv Moscow mwaka 2014, akaamriwa kulipa euro milioni 10.5, na dili yake na Charleroi ikakwama kwa sababu klabu mpya ingebanwa kulipa pamoja naye, tena ITC ikawa tatizo. Oktoba 4, 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema kanuni hizo zinakiuka sheria za Umoja. FIFA ikazibadilisha kwa muda kuanzia Januari 2025: klabu mpya haibebi tena fidia moja kwa moja bila kuthibitishwa kwamba ilimshawishi mchezaji kuvunja mkataba, na ITC haishikiliwi kwa sababu ya mgogoro. Lakini anayevunja mkataba bila sababu ya haki bado analipa fidia. Hilo halikufutwa.

Sababu ya haki ya mshahara ina hatua zake, na ukiruka moja unaweza kupoteza. Kifungu ni 14bis cha kanuni hizohizo za FIFA: klabu iwe haijalipa angalau mishahara miwili ya mwezi kwa tarehe zake, mchezaji aidai kwa maandishi, aipe siku zisizopungua 15.

Mfano: mshahara unalipwa kila tarehe 30. Wa Septemba haujaingia, wa Oktoba nao haujaingia. Novemba mosi inatumwa barua yenye kiasi cha kila mwezi, akaunti ya benki na tarehe ya mwisho, tuseme Novemba 18, ili asije mtu akabishana kuhusu siku ya kumi na tano. Iende kwa barua pepe rasmi ya klabu ile iliyo kwenye mkataba. Ujumbe wa WhatsApp kwa meneja ni ushahidi wa nyongeza tu. Novemba 19 hakuna kitu, anatuma barua ya pili ya kuvunja mkataba. Bila barua ya pili mkataba bado unaendelea.

Mitego iko miwili. Wa kwanza, klabu inalipa mshahara mmoja siku ya kumi na nne. Deni linakuwa chini ya miezi miwili, na akivunja hapo klabu inaweza kudai kwamba ni yeye mwenye kosa. Wa pili, mchezaji anakasirika na kuacha mazoezi kabla siku hazijaisha. Klabu inaandika kwamba ametoroka, na kesi ya mshahara inageuka kuwa kesi ya utoro. Aende mazoezini kila siku. Wakimtenga afanye mazoezi peke yake ili achoke aondoke, apige picha za ratiba na aandike barua ya kupinga, maana unyanyasaji wa kumlazimisha avunje mkataba ni sababu ya haki nyingine kabisa.

Asiyetaka kuondoka ila anataka hela yake ana kifungu cha 12bis: deni lililopita siku 30, notisi ya siku zisizopungua 10, kisha madai. Mkataba unabaki palepale.

Kesi inafunguliwa kwenye tovuti ya kisheria ya FIFA, na mchezaji halipi ada ya shauri. Mwisho wa kudai ni miaka miwili tangu tukio. Akishinda, klabu ina siku 45 za kulipa tangu apeleke akaunti yake, la sivyo inafungiwa kusajili hadi madirisha matatu. Rufaa inakwenda CAS, mahakama ya kimataifa ya usuluhishi wa michezo, ndani ya siku 21, na huko gharama zipo. Kiasi cha fidia kwa kawaida kinaanzia kwenye mishahara iliyobaki, halafu kinapunguzwa kwa anachopata klabu mpya.

Kwa hiyo kwenye rasimu angalia sana kifungu cha migogoro. Kikitaja chombo cha nchi ile pekee, na chombo hicho kiwe na uwakilishi sawa wa wachezaji na klabu, FIFA inaweza kujiondoa na mchezaji akabaki na kesi ya lugha asiyoijua. Kiandikwe wazi kwamba ni FIFA, na rufaa CAS.

---

Mpira_Wa_Kurusha

Kona_Fupi kamaliza upande wa madai. Niongeze kodi na goti.

Kodi: neno linalohitajika ni "baada ya makato yote, klabu inalipa kodi na michango kwa niaba ya mchezaji". Tuseme mshahara ni euro 3,000 na makato yote ni asilimia 35. Kama ni kabla ya kodi, mkononi inafika 1,950, tofauti ya 12,600 kwa mwaka. Adai pia hati ya kodi iliyolipwa kila mwaka. Klabu zingine zinakata na hazipeleki, halafu mamlaka ya kodi inamtafuta mchezaji.

Goti: kano ya mbele ikikatika ni miezi tisa hivi nje. Ikikatika Mei na mkataba unaisha Juni, nani analipa upasuaji na mazoezi ya viungo? Kama mkataba uko kimya, uwe na uhakika watabishana. Kiongezwe kipengele kwamba jeraha la kazini linatibiwa kwa gharama ya klabu hadi apone hata mkataba ukiisha, na kwamba ana haki ya daktari wa pili na nakala za picha zake za MRI. Kipengele cha "akiumia zaidi ya miezi sita klabu inaweza kuvunja" kifutwe bila mjadala.

Kingine kidogo: dawa za mafua za dukani. Zenye pseudoephedrine zinaweza kumponza kwenye vipimo vya siku ya mechi. Amuulize daktari wa timu kabla ya kumeza chochote.

---

KiungoMkabaji

Nimeelewa. La mwisho: akivunja kihalali Novemba 19 dirisha limefungwa, anakaa hadi Januari?

---

Mshika_Kibendera

Si lazima. Kanuni zinaruhusu shirikisho kumsajili nje ya dirisha mchezaji wa kulipwa aliyevunja mkataba kwa sababu ya haki, mradi isiharibu ushindani wa ligi. Zingatia mipaka ya msimu: anaweza kusajiliwa klabu tatu, lakini mechi rasmi acheze klabu mbili tu. Kama tayari msimu huo amechezea mbili, klabu ya tatu itamlipa akae jukwaani, na hakuna klabu inayotaka hivyo. Na kibali chake cha kuishi kule mara nyingi kimefungwa na mwajiri, kwa hiyo kabla ya kutuma barua ya kuvunja ajue ana siku ngapi za kubaki nchini, na hati zote ziwe zimenakiliwa nje ya kompyuta ya klabu.