Mhadhiri anayefundisha fizikia vizuri apewe tuzo? Tujadili

Wadau, salaam. Hoja yangu ni hii: vyuo vikuu vyetu viwe na tuzo ya anayewafundisha vizuri fizikia wanafunzi wa shahada ya kwanza, na tuzo hiyo ihesabiwe katika kupandishwa cheo.

Nilisoma hapa hapa Mombasa. Siku ya kwanza mhadhiri wetu alitoa ufunguo mfukoni akauliza: "Mko juu ya feri ya Likoni, katikati ya maji, inakwenda mwendo mmoja. Nikiuachilia huu, utaangukia miguuni pangu au nyuma?" Karibu darasa zima tulinyoosha mikono: nyuma! Hakutusahihisha. Alitaka kila mtu abishane na jirani yake, kisha tupige kura upya. Darasa likachemka kama baraza la kahawa. Jioni tukaenda kivukoni wenyewe. Feri ilipotulia katika mwendo wake, ufunguo ukaanguka pale pale miguuni. Sheria ya kwanza ya Newton, kwamba kitu kilicho kwenye mwendo huendelea na mwendo wake mpaka nguvu fulani iubadilishe, nilikuwa nimeikariri tangu sekondari, lakini siku ile ndipo nilipoielewa.

Mtindo huo wa kura na ubishi mwanafizikia Eric Mazur aliuanza Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka 1991. Mwaka 1998 mwanafizikia mwingine, Richard Hake, akachapisha matokeo ya wanafunzi zaidi ya 6,000 Marekani: madarasa ya kushirikishana yalipiga hatua karibu mara mbili ya yale ya kusikiliza na kunakili.

Mhadhiri wetu alistaafu na cheo kile kile. Wenye machapisho mengi walimpita, na mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Mchangiaji:
Ndugu, tuzo zitakuwa za kujuana tu. Wanafunzi watampigia kura anayegawa alama. Hizo pesa zinunue vifaa. Sisi maabara tulikuwa kumi tukigombea mita moja ya umeme.

Mwanzisha mada:
Kwenye vifaa sikupingi hata kidogo, ingawa ufunguo ule haukugharimu shilingi. Na kura za wanafunzi peke yake mimi pia sizitaki. Kuna jaribio la dhana za nguvu na mwendo lililotungwa na mwanafizikia David Hestenes na wenzake mwaka 1992. Wanafunzi hulifanya kozi ikianza, wakalifanya tena ikimalizika, na tofauti huonekana. Hapo mgawa alama atajificha wapi? Chama cha walimu wa fizikia cha Marekani kina tuzo ya ngazi hii tangu 1993, na leo inaitwa kwa majina ya Halliday na Resnick. Nasi tulimshangilia Peter Tabichi, mwalimu wa hisabati na fizikia huko Njoro, aliposhinda tuzo ya dunia ya ualimu mwaka 2019. Yule ni wa sekondari. Wa chuo kikuu ana kosa gani?

Mchangiaji mwingine:
Naunga mkono, kwa sharti moja: jopo litoke chuo kingine, na liingie darasani kukaa viti vya nyuma bila kutoa taarifa.

Mwanzisha mada:
Sharti hilo nalichukua. Wahadhiri mliomo humu, mngekubali kutembelewa hivyo?