Picha za hadubini: tuhamie OME-Zarr (fomati ya wazi, isiyofungwa kwa mtengenezaji mmoja) au tubaki na faili za mashine?

mtaalamu_wa_slaidi:
Wakuu, habari za jioni. Maabara yetu hupiga picha za tezi za mate za mbu, tabaka kwa tabaka, na sampuli moja hufika GB 200. Miaka yote tumehifadhi kwa fomati ya mashine yenyewe. Mwezi uliopita kompyuta ya hadubini iliungua, na leseni ya programu ilikuwa humo humo. Diski ya TB 8 ninayo mkononi, faili zote zipo, hakuna linalofunguka. Kuna mwanafunzi tasnifu yake yote imo humo, silali. Nisaidieni.

Bint_Pwani:
Pole sana ndugu yangu. Usikate tamaa, fungua kwanza kwa Fiji, programu ya bure ya kutazama na kuchambua picha, yenye kiongezi cha Bio-Formats, kinachosoma fomati zaidi ya 150 za watengenezaji mbalimbali. Likifunguka, libadilishe kwa programu ya bioformats2raw upate OME-Zarr. Hizo faili za awali usifute hata moja!

Mdau_wa_Seva:
Kwa GB 200 na mimi nasema OME-Zarr. Picha hukatwa vipande na huwekewa nakala zenye ukubwa mdogo mdogo, hivyo ukitaka kutazama kona moja unavuta kona hiyo tu. Ila ongea na msimamizi wa seva kabla. Picha yako ikiwa ya biti 16 kwa kila pikseli, kwa vipande vya pikseli 1024 kwa 1024, ni zaidi ya faili 100,000. Mimi nilinakili moja kwenye diski ya nje, kukakucha bado inahesabu. Toleo la 0.5 la OME-Zarr linaruhusu kufunga vipande vingi ndani ya faili moja, lakini hakikisha programu zenu zinalisoma. Picha ndogo ziwekeni OME-TIFF, fomati nyingine ya wazi, inatosha kabisa.

Bint_Pwani:
Halafu kagua ukubwa wa pikseli baada ya kubadilisha. Kwetu ulikuwa mikroni 0.2, ukapotea njiani, programu ikachukua 1. Kiini cha seli cha mikroni 5 kikasomeka 25, na tulishachora grafu.

mtaalamu_wa_slaidi:
Wakuu, faili la kwanza limefunguka sasa hivi! Tabaka zote zipo, rangi zipo. Umbali kati ya tabaka ndio umekuja mtupu. Naenda kuutafuta kwenye daftari la maabara, mwanafunzi huwa anauandika kwa kalamu.