Altars of Madness na Transilvanian Hunger, hivi hizi zinalinganishwaje?

Rifu_Nzito:

Wakuu heshima kwenu. Mimi ni mtu wa dethi metali toka naanza kusikiliza mziki mzito, yaani bendi za Death, Morbid Angel, Obituary, Entombed ndo zilizonilea, na nina mshkaji wangu wa karibu sana ambaye kwake bleki metali, tawi lingine la mziki huo huo mzito, ndo kila kitu, basi tukikutana ni ubishi mpaka sauti zinakauka. Juzi tukasema tuache maneno, kila mtu ampe mwenzake albamu moja na aisikilize mara tatu, mwanzo hadi mwisho, bila kuruka wimbo. Nikampa Altars of Madness ya Morbid Angel, ya 1989. Yeye akanipa Transilvanian Hunger ya Darkthrone, ya 1994.

Mwenzangu kaja na jibu kwamba Altars kaielewa ila inamchosha, anasema rifu, vile vipande vifupi vya gitaa vinavyojirudia, zinabadilika mfululizo hapati hata muda wa kuzama. Mimi nimesikiliza hizo mara tatu kwa moyo mweupe kabisa na bado nimekwama. Dramu ni ile ile. Besi siisikii. Gitaa utadhani linapigwa chumba cha pili na mlango umefungwa. Nyimbo ziko 8, nipigie wa tatu na wa sita siwezi kukwambia upi ni upi. Ila sitaki kudanganya, kuna kitu, ile melodi ya wimbo wa kwanza imenikaa kichwani siku nzima, nimejikuta naivumisha naosha vyombo.

Swali langu ni hili, zinalinganishwa kwa kigezo gani? Nikitumia vigezo vyangu, upigaji, rifu, uzito, usafi wa kurekodi, Darkthrone anapigwa kabla mechi haijaanza. Nikitumia vya mshkaji, Morbid Angel hana pumzi. Naomba msiniambie kila mtu na ladha yake, hilo nalijua, nataka kuelewa.

Fimbo_Mbili:

Mkuu mi napiga dramu kwahiyo ngoja nianzie hapo kwenye "dramu ni ile ile". Ni kweli ni ile ile, na imepangwa iwe hivyo.

Anza na Altars. Mpiga dramu wao Pete Sandoval alikuwa ametoka Terrorizer, ile bendi ya graindikoo, mziki mzito wa kasi kali, sasa msikilize anavyofanya kazi humo ndani, blasti biti, ule mdundo wa mbio kama bunduki, inakuja inakatika, inaingia midundo ya thrashi, ile metali ya kasi, halafu ngoma ya chini kwa miguu miwili, halafu manjonjo, yaani kila gitaa la Trey Azagthoth likigeuka na dramu zinageuka nalo. Wewe unayesikiliza sikio lako linasubiri kona inayofuata. Hiyo ndo raha yake na ndo maana ukikaa nayo miaka bado unakuta kona hukuwahi kuiona. Hata ule mwanzo wa wimbo wa kwanza, rifu imewekwa kinyumenyume kwenye mkanda, bado hujakaa vizuri wameshakuyumbisha.

Sasa kwenye Transilvanian vyombo vyote kapiga Fenriz mwenyewe, Nocturno Culto kaweka sauti tu, na huyo Fenriz usidhani hawezi kupiga, nitakwambia ukasikilize nini hapo chini au mwingine atakwambia. Siku moja nilikaa nikaufuata ule wimbo wa kwanza kwenye dramu zangu kuanzia sekunde ya kwanza hadi mwisho. Dakika ya kwanza nilikuwa nateseka, mkono unatafuta pa kuchomeka manjonjo na hakuna nafasi, wimbo haukupi. Kufika dakika ya tatu hivi mkono ukaacha kutafuta. Hapo ndo nikaanza kusikia gitaa. Noti moja inapanda, moja tu, na ilikuwa kama mtu kafungua dirisha. Nimeusikia huo wimbo mara nyingi sana kabla na sikuwahi kuisikia ile noti ikiwa kubwa vile.

Ndo maana nakwambia dramu isipocheza, sikio linaacha kuisubiri, linahamia kwingine. Kwa Morbid Angel hesabu mangapi yanatokea. Kwa Darkthrone sikiliza hicho kidogo kinachotokea kinakufanya nini.

Giza_la_Kaskazini:

Nakazia kwa Fimbo_Mbili, ila mtoa mada mi naona mmechagua vibaya nyote wawili. Mmechukua albamu mbili zilizo mbali mno, ni lazima mgongane. Kama unataka kujua tofauti ya dethi na bleki iko wapi hasa, chukua bendi moja iliyofanya zote mbili kwa mikono ile ile. Na bendi hiyo ni Darkthrone hao hao.

Soulside Journey ya 1991 ni dethi metali kabisa, tena ya ufundi, kona nyingi, miguu miwili, gitaa zinazunguka. Wamerekodi Sunlight kule Stockholm kwa Tomas Skogsberg, studio ile ile ilikotoka Left Hand Path ya Entombed unayoipenda. Halafu mwaka unaofuata, 1992, inatoka A Blaze in the Northern Sky na ni kama watu wengine. Lebo yao, kampuni inayotoa rekodi zao, Peaceville, walitegemea albamu ya pili ya dethi, walipoisikia hawakufurahia ile sauti, wakataka ifanyiwe miksi upya, bendi ikagoma, ikasema basi tutaipeleka kwa Euronymous wa bendi ya bleki ya Mayhem aitoe kwenye lebo yake. Peaceville wakaitoa kama ilivyo.

Na hapa ndo patamu kwa mtu wa dethi kama wewe. Kwenye A Blaze sio kila kitu kimebadilika, kuna rifu kibao mule ni za dethi kabisa zilibaki kwenye mikono yao, wamezipiga tu kibleki. Kwahiyo unasikia mabadiliko yenyewe yakitokea, wala huhitaji mtu akuelezee. Kiufundi kitu kikubwa ni mkono wa kulia na kile kiganja. Dethi unapiga tremolo, yaani kuchapa noti ile ile haraka haraka, kwenye nyuzi nene, kiganja kimelalia nyuzi karibu na daraja la gitaa, kila noti inatoka fupi na nzito kama nyundo. Bleki unaondoa kiganja, unapanda nyuzi za juu, unaacha nyuzi mbili tatu zilie kwa pamoja, noti inamwagikia kwenye inayofuata. Kasi ya mkono ni ile ile. Ila moja inakupiga, nyingine inakuzunguka. Kama una gitaa chukua rifu yoyote ya Morbid Angel uipige bila kiganja, pandisha juu, punguza besi kwenye amplifaya mpaka chini, utashangaa.

Ndo sababu pia kurekodi kunatofautiana. Dethi ikirekodiwa kama Transilvanian inakufa, maana zile nyundo huzisikii moja moja. Studio ya Morrisound kule Tampa, walikorekodi Altars, walijua kazi yao, mule vitu vinaenda mbio vile na bado unatenganisha kila kimoja. Na Transilvanian ukiisafisha kama Altars nayo inakufa vilevile, utabaki na mtu anapiga rifu nne kwa dakika sita. Ule ukungu ni sehemu ya mziki.

Dada_Besi:

Samahanini kaka zangu, hapo kwenye ukungu mi sikubaliani. Mnaongea kama bleki lazima isikike imerekodiwa kwenye kopo. De Mysteriis Dom Sathanas ya Mayhem, 1994, mwaka ule ule wa Transilvanian, imerekodiwa Grieghallen, ukumbi mkubwa wa tamasha kule Bergen, Pytten ndo alikuwa kwenye mitambo, na ukubwa wa ule ukumbi unausikia ndani ya dramu za mpigaji wao Hellhammer. Miguu miwili iko wazi kabisa. Gitaa liko wazi. Besi ipo! Bendi ya Emperor nao, albamu ya In the Nightside Eclipse, studio hiyo hiyo, mwaka huo huo, na wao wamejaza vinanda kama kanisa zima. Kwahiyo mtoa mada usimeze kwamba bleki ni sauti mbovu na ukilalamika basi hujaelewa. Transilvanian ni chaguo moja la watu wawili, sio sheria. Mimi naiheshimu ila kwangu ni albamu ya wimbo mmoja mzuri sana uliorudiwa, na nimeipa nafasi zaidi ya mara tatu.

Mimi ningekupa Altars na De Mysteriis, hapo ndo kuna mechi. Zote wapigaji ni hatari, zote zimerekodiwa vizuri, halafu tofauti inayobaki ni ya roho. Mwimbaji David Vincent kwenye Altars anakukaripia, maneno unayapata, ni mtu kasimama mbele yako. Attila Csihar kwenye De Mysteriis hakaripii, analalama, anaimba kama padri mgonjwa, mara ya kwanza nilizima. Sikupenda kabisa. Nilirudi baada ya wiki kadhaa, na sasa hivi siwezi kuwaza albamu ile na sauti nyingine.

Ila pia na hili niseme maana naona mnalipita. Hiyo De Mysteriis Euronymous anapiga gitaa na Varg Vikernes anapiga besi, na kabla albamu haijatoka huyo wa besi alimuua huyo wa gitaa, Agosti 1993. Mimi ni mpiga besi, nasikiliza mistari ya besi ya mtu aliyeua mwenzake aliyerekodi naye, na inaniuma kila mara. Transilvanian nayo nusu ya maneno kaandika huyo huyo Vikernes, na toleo la kwanza lilikuwa na maneno ya kibaguzi kwenye kava la nyuma, baadaye yakaondolewa. Siwaambii msisikilize. Ila tukilinganisha albamu tusijifanye hilo halipo, dethi wameimba maiti na mapepo mpaka basi lakini hawakuchoma makanisa kama baadhi ya watu wa bleki kule Norway.

Giza_la_Kaskazini:

Dada hapo kwenye kurekodi umenisahihisha, nilikuwa naongelea Transilvanian nikasema kama ndo bleki yote. Na kwenye hilo la mwisho sina cha kupinga, mimi mwenyewe kuna bendi niliziacha kabisa kwa sababu hiyo na sijutii.

Mzee_wa_Kaseti:

Vijana, mmezunguka sana, chukueni albamu ya bendi ya Dissection, Storm of the Light's Bane, 1995. Uzito wa dethi, baridi ya bleki, melodi za hevi metali ya zamani. Wewe na mshkaji wako kaeni chini muisikilize pamoja mara moja.

Rifu_Nzito:

Wakuu nimerudi. Jana nilifuata ushauri wa Giza, nikaweka Soulside Journey halafu A Blaze papo hapo bila kupumzika. Soulside nimeipenda aisee, nimejisikia niko nyumbani, na Fimbo_Mbili nimeelewa ulichotaka kuniambia kuhusu Fenriz, huyu jamaa anapiga kweli. Kisha ikaingia A Blaze, wimbo wa kwanza una zaidi ya dakika 10, ule mwanzo wa sauti nzito, halafu inafyatuka. Katikati ya ule wimbo kuna sehemu inapunguza mwendo na rifu ni ya kwetu kabisa, nikarudisha nyuma mara mbili kuhakikisha. Rifu ya kwetu, lakini imevuliwa nyama. Hapo ndo nikaelewa kwamba hawa watu vigezo vyangu walikuwa navyo vyote mikononi na wakaviweka chini kwa makusudi.

Kisha nikarudi Transilvanian mara ya nne. Wa tatu na wa sita bado sivitenganishi, sitadanganya. Ila niliacha kusubiri dramu kama alivyosema mkuu, na wimbo wa kwanza ulipoisha nilishtuka, nilidhani bado tuko katikati.

Altars bado ni albamu yangu, hilo halijabadilika. Nimempigia mshkaji nikamwambia na yeye aanze na Soulside kabla hajarudi Altars, labda kona zitaacha kumchosha, kakubali. Dada_Besi, De Mysteriis naanza nayo leo usiku, niende na wimbo upi kwanza?

Dada_Besi:

Usichague, anza Funeral Fog twende hadi mwisho. Na mara ya kwanza usitumie hedifoni kaka, weka kwenye spika, ongeza sauti, simama mbali kidogo, ule ukumbi unahitaji nafasi. Attila akikushinda usizime kama nilivyofanya mimi.