Nilikataa WhatsApp miaka yote. Sasa kuna mtu ninayemtafuta, naomba ushauri

FundiCherehani (Nakuru)

Hamjambo ndugu zangu. Mimi ni fundi cherehani hapa Nakuru, nina miaka 61, kwetu ni Vihiga. Binti yangu ananisaidia kuandika lakini maneno ni yangu.

Miaka yote nimetumia kabambe, simu ndogo ya vitufe: napiga, napokea, natuma M-Pesa, basi. Watoto walinisihi nibadilishe, nikakataa, na nilikuwa na sababu. Mapema 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, nilisoma kwa macho yangu zile jumbe za kuchochea majirani zilizokuwa zikipita simu hadi simu mjini hapa. Hakuna aliyezituma akaonyesha uso wake. Nikajiambia urafiki ni wa kuketi na mtu ukamtazama anaposema.

Machi mwaka huu alifariki mwenzangu tuliyejifunza ushonaji pamoja Mbale miaka ya themanini. Nilijua siku tisa baada ya kuzikwa. Mchango, siku ya kutoa mwili mochari, gari la kutoka Nakuru, yote yalipangwa kwenye kundi la WhatsApp na kila mmoja akadhani mwingine amenipigia. Nilipofika kwao udongo wa kaburi ulikuwa umeanza kupasuka kwa jua. Mjane akaniuliza taratibu, "Shemeji, ulikuwa wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Mei binti akaninunulia simu janja, nikaingizwa kundi la mafundi wa zamani. Siku ya tatu mmoja akatuma ujumbe wa sauti. Nilimtambua kabla hajajitaja, kwa vile anavyovuta pumzi katikati ya neno, vile vile tulivyokuwa tukimsikia akipiga pasi ya makaa. Nilimsikiliza mara nne, tepu shingoni, mteja akiningoja. Tangu siku hiyo nimelegea.

Nina maswali mawili. La kwanza, kundi linalia usiku kucha, na juzi mmoja wetu aliniandikia nimtumie namba sita zilizoingia kwenye SMS yangu, eti zilipotea njia. Sikutuma. Nilifanya sawa?

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Januari 2008 kibanda changu kilichomwa, na cherehani zangu mbili zikaungulia ndani. Mama mmoja aliyekuwa akishona karibu nami, si wa kabila langu, alikuwa anafunga mizigo ahame. Akaniachia cherehani yake, Singer nyeusi ya kukanyaga. Akasema, "Somesha watoto, nitaifuata." Kesho yake akapanda lori. Laini yake ilizimika mwaka huo huo na hajawahi kurudi. Nimesomesha watoto watatu kwa cherehani ile na hadi leo inashona.

Binti anasema tukiweka jina la mama yule Facebook pamoja na kisa chote, atapatikana. Natamani sana. Lakini huenda hataki kukumbushwa Nakuru. Je, ni haki kumtafuta mtu hadharani hivi?

MamaSimu (Kakamega)

Mulembe baba. Mimi hutengeneza simu, na hili la namba sita huletewa karibu kila wiki. Ulifanya sawa kabisa. Mtu akijaribu kufungua WhatsApp kwa namba yako kwenye simu yake, wewe ndiye unayetumiwa tarakimu sita kwa SMS. Ukimpa, akaunti imehamia kwake, na hapo hapo anaanza kuwaandikia watu wako, "niko hospitali, nitumie elfu mbili."

Sasa angalia: huyo aliyekuandikia pengine si mwenzako. Mwenzako ameshaibiwa, mwizi anatumia jina lake. Mpigie kwa simu ya kawaida umwambie aisajili namba yake upya. Akiingiza tarakimu mpya, mwizi anatolewa. Ikiwa mwizi alishaweka pini yake, mwenzako itabidi angoje siku 7 ndipo arudi. Wengi hukata tamaa siku ya pili wakanunua laini nyingine. Asifanye hivyo.

Wewe ingia Mipangilio ya WhatsApp, kisha Akaunti, kisha uthibitishaji wa hatua mbili, uweke pini ya tarakimu sita. Usitumie tarehe ya kuzaliwa. Kwenye Faragha utaona Vikundi: chagua watu ulio na namba zao tu, la sivyo utaamka umeingizwa kundi la kuuza dawa za nguvu. Kelele za usiku, fungua kundi, gusa jina lake pale juu, nyamazisha daima. Jumbe zitaingia lakini simu haitalia, wala wenzako hawatajua.

Sijashawishika (Kisumu)

Mzee, pole kwa msiba. Nitasema tofauti na wengine. Wenzako walikuwa na namba yako. Kukupigia kungewagharimu dakika moja. Kilichokukosesha mazishi si kabambe yako, ni watu kuona kwamba wakishaandika kwenye kundi wamemaliza kazi. Kampeni za 2022 kundi la familia yetu lilivunjika kwa picha moja ya uongo, na ndugu wawili hawasalimiani hadi leo. Nilitoka na sijajuta.

Huyo mama usimtaje jina. Hujui alikimbia nini.

Lanet_Ndani (Nakuru)

Namheshimu aliyetangulia, lakini mzee wetu yuko Nakuru na mfano uko hapa nyumbani. Chifu Francis Kariuki wa Lanet Umoja alianza kutumia Twitter 2011. Wananchi wengi walikuwa na simu za kabambe kama yako, na ujumbe uliwafikia kama SMS. Mnyama akipotea, chifu anaandika. Wezi wakiingia kwa mtu usiku, chifu anaandika na majirani wanatoka. Mwaka 2012 hata vyombo vya habari vya ng'ambo vilimtangaza. Alifariki 2021, Mungu amrehemu.

Nadhani kilichofanya jambo lile lifaulu ni kwamba tulimjua. Ofisi yake tuliijua, na akikosea ungemfuata umwambie. Simu yako ile ya 2008 ilileta maneno ya watu wasio na uso. Hii ililetea watu maneno ya chifu wao. Kwa hiyo mimi ningeanza na wanaojuana: mafundi, kanisa alilosali mama yule, wauzaji wa vitambaa. Nchi nzima iache kwanza.

NyarKibuye (Kisumu)

Baba, mimi nauza vitambaa Kibuye, na hili nalisema kwa uchungu wa kosa langu mwenyewe. Niliokota pochi stendi. Nikapiga picha kitambulisho cha mwenyewe nikakiweka Facebook nikidhani namsaidia. Kufika jioni picha imesambazwa mara nyingi, jina lake, namba yake, tarehe ya kuzaliwa, vyote nje. Alipokuja kuchukua pochi aliniambia kuna watu wameshaanza kumpigia. Nilifuta, lakini ya kufutwa ilikuwa yangu tu, zile zilizonakiliwa sikuweza. Huyo mama akipatikana kwa njia hiyo, hutaweza kumfichua leo kisha umfiche tena kesho.

Badala ya jina lake, weka picha ya cherehani. Andika, "Natafuta mwenye cherehani hii, aliniachia Nakuru." Usitaje 2008, usitaje jina, usitaje ni wa wapi. Anayehusika ataelewa. Kisha, hili ni muhimu: Singer za zamani zina namba iliyochongwa kwenye kitako, upande wa kulia karibu na gurudumu. Ifunike kwa kitambaa unapopiga picha. Na kama kuna mkwaruzo au rangi iliyobanduka mahali, ficha pia. Atakayekuja atakutajia mwenyewe. Watakuja wengi, baba. Akikuomba nauli ya kuja kuichukua, mwache.

Karani_Molo

Nyongeza ndogo. Ukimwandikia Facebook mtu asiye rafiki yako, ujumbe huwa unaingia kwenye maombi ya ujumbe, si pale anapoona jumbe za kila siku. Wangu mmoja ulikaa karibu mwaka. Usipojibiwa, usihesabu kwamba amekukataa.

FundiCherehani

Asanteni sana. Mama Simu, mwenzangu alikuwa ameibiwa kweli. Nilimpigia, hakuwa na habari, na mtu wa Eldoret alikuwa ameshatuma elfu tatu. Amesharudi kwenye akaunti yake.

Sijashawishika, neno lako lilinikaa kifuani siku mbili kwa sababu ni kweli, wangeweza kunipigia. Nikahesabu majina ya mafundi wa Mbale ninaowakumbuka: wanne bado wana kabambe, na mmoja wao haoni vizuri. Nimeomba kundi linipe kazi ya kuwapigia kila likitokea jambo, la msiba au la furaha. Wamekubali. Jana nimempigia yule asiyeona vizuri, nikamsomea jumbe za wiki nzima, akawa ananikatiza, "Rudia hapo."

Nyar Kibuye, cherehani ina alama ambayo sitaiandika hapa. Nimefunika namba kwa kipande cha khaki. Picha tumeiweka kwenye kundi la mafundi na la kanisa pekee. Facebook nimeiacha kwanza.

DadaWaKwaya

Hamjambo. Mimi ni msomaji tu, siandikagi. Hiyo picha imenifikia leo asubuhi kupitia kundi la kanisa. Niliimba kwaya Nakuru kabla ya 2008. Mzee, yule mama alikuwa akiimba sauti ya pili, na alikuwa akitushonea kanzu? Usinijibu hapa mbele za watu. Niandikie pembeni alama uliyoificha iko upande gani, nami nitakwambia ni ya nini.

Kama ni yeye, dadake ana duka Kitale. Nitaenda Jumamosi kwa miguu yangu. Sitapeleka picha wala namba yake sitakupa. Nitampelekea yako, atakavyoamua ni yeye.

NyarKibuye (Kisumu)

Hiyo ndiyo njia. Mungu akubariki dada.

FundiCherehani

Amenijibu pembeni. Alama ameitaja, na ameitaja kwa sababu yake, jinsi ilivyotokea siku ile pasi ilipoanguka. Nilikuwepo.

Leo nimefungua cherehani yote. Nimetoa nyuzi zilizojisokota chini ya kijumba cha bobini, nimebadilisha mkanda wa ngozi, nimeipaka mafuta. Jumamosi sichukui kazi. Nitakaa kibandani, na simu nitaiwasha mlio.