Mama kachukua simu yangu, na mpenzi wangu yuko Mwanza

Binti wa Ngamiani
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Nina miaka 17, niko Tanga. Nimemaliza kidato cha nne Novemba, nasubiri kwenda cha tano. Mpenzi wangu tumesoma naye darasa moja tangu kidato cha pili. Desemba baba yake alihamishiwa Mwanza kikazi, wakaondoka wote. Nilikwenda stendi ya Kange kumuaga, nikamwambia mama naenda kwa shangazi. Jioni ile ile shangazi akaja nyumbani.

Mama hakunipiga. Alichukua simu akasema, "Mimi niliacha shule kwa ajili ya mtu aliyeniahidi kila kitu." Sasa naazima simu ya jirani anayeuza chapati, naongea dakika tano nyuma ya jiko lake, moyo unadunda. Julai nikienda bweni simu ndiyo marufuku kabisa. Sitaki kumpoteza, wala sitaki kuendelea kumdanganya mama. Nifanyeje?

Baba Watatu
Binti yangu, simu ya jirani iache leo. Siku akikosana na mama yako, jambo lako litakuwa la mtaa mzima.

Mama K, Morogoro
Marahaba mwanangu. Mwaka 2004 nilikuwa bweni, mwenzangu yuko Songea, na baba hataki hata kulisikia jina lake. Likizo moja nilimwendea baba nikamwomba ruhusa ya barua moja kwa mwezi, kupitia sanduku lake la posta, na azisome akitaka. Alikaa siku nne bila kunijibu. Ya kwanza aliisoma, ya pili akaisoma. Ya tatu alinipa haijafunguliwa.

Barua ilichukua wiki mbili, basi unaandika mambo yenye uzito: mtihani ulivyokuwa, bibi anavyoumwa, unachoogopa. Nilimjua yule kijana kwa barua kuliko nilivyomjua tulipokuwa tukionana. Hatukuoana, nikuambie ukweli. Nilipomaliza cha sita aliniandikia kwamba amepata mwingine. Nililia wiki nzima sebuleni, sikuwa na haja ya kujificha, na baba ndiye aliyekuwa akinimenyea machungwa.

Kidato cha Sita
Mimi na mpenzi wangu kila Jumapili tunafanya maswali yale yale ya hesabu, kila mtu kwao, saa kumi. Jioni tunalinganisha majibu kwa simu ya mama yake, mama mwenyewe akiwepo. Nikikwama kwenye swali najua naye yuko hapo hapo anahangaika nalo.

Binti wa Ngamiani
Asanteni sana. Mama K, jana nimemwambia mama yote, hadi habari ya chapati. Alikuwa anachambua mchele, akanyamaza hadi ungo ukaisha. Kisha akauliza, "Mama yake anajua?" Nikasema sijui. Akasema nimuulize, kwa barua, na ataisoma kabla haijafungwa. Kesho asubuhi naenda Posta kununua stempu.