Mwani ya bahari: wenye mulishailima ao kuikula, tupeane uzoefu

MamaVitenge_Goma: Bandugu jambo. Mi naleta vitenge toka Dar, mwaka jana nikavuka mpaka Zanzibar kusalimia wifi yangu mwenye ameolewa Paje, na kule njo niliona mwani inalimwa. Maji ikitoka wamama wanaingia baharini na vijiti na kamba, wanafunga vipande vya mwani na kauzi wanaita taitai, fundo haukazi sana juu mwani ikinenepa itajikata. Siku 45 hivi unavuna. Nilifunga kamba tatu mgongo ukakataa, wifi alikuwa kwenye ya kumi na moja. Kilo 7 ao 8 mbichi ikikauka inabaki 1, na mvua ikiipata kwenye kuanika bei inashuka. Ile ya bei nzuri wanaita kotonii, sasa maji ya bahari imepata joto, inakuwa nyeupe inaoza, imebaki spinosamu ya bei ndogo. Kule ilianza 1989 na wakulima wengi ni wamama. Inaenda ng'ambo wanaitoa karajini, unga yenye inashikisha dawa ya meno na aiskrimu, na mwenye kusimama mu maji ya chumvi asubuhi yote anapata kidogo, hii iliniuma sana. Ninyi munaijua namna gani?

MutotoWaIdjwi: Mama, umenikumbusha koko (bibi) yangu. Shingo yake ilivimba tangu usichana, goita, alikuwa anaifunika na kitambaa hata mu jua. Kwetu Idjwi, kisiwa mu ziwa Kivu, ilikuwa mingi mpaka wadaktari walikuja kuchunguza miaka ya 1960 na 1970: udongo hauna iyodi ya kutosha, ile madini tezi ya shingo inahitaji, na muhogo yenye haikulowekwa vizuri inazuia mwili kutumia ile kidogo iko. Chumvi ya iyodi njo ilitusaidia. Mwani iko na iyodi nyingi, koko angezaliwa pwani pengine shingo yake ingekuwa sawa.

Kadutu_Bukavu: Mi nilisoma China, kantini ya shule walikuwa wanatupa supu ya zicai na yai, mwani nyeusi nyembamba kama karatasi, ikiingia mu maji ya moto inafunguka. Mwezi wa kwanza sikuimeza. Nilirudi na paketi mbili, siku moja nikaitia mu sambaza (samaki ndogo ya ziwa) na nyanya, mama akauliza hii ni mboga gani inanuka ziwa lenye chumvi, lakini bugali iliisha na akaomba ingine.

Infirmière_Himbi: Muangalie kipimo wapendwa. Mtu mzima anahitaji iyodi mikrogramu 150 kwa siku, mama mjamzito 250. Ile mwani nene wanaita kombu, gramu 1 tu inaweza kupita mahitaji ya siku mara kumi, na ikizidi nayo inaharibu tezi ya shingo. Mwenye goita apite kwanza kwa daktari, asijitibu na mwani. Na chumvi yenu mufunike, musiache wazi pembeni ya moto, iyodi inapotea.

Kijana_Ndosho: Tuipande basi Kivu?

MamaVitenge_Goma: Hapana mwanangu, ile inataka maji ya chumvi, ziwa yetu itaiua. Infirmière aksanti, chumvi yangu nimeitoa pembeni ya mbabula sasa hivi. Wifi ameniandikia leo asubuhi, masika imeanza, ameingiza mwani yote ndani, wanalala nayo chumbani na watoto.